Sekunde Arobaini na Moja

Soko la viatu vya mtumba halina adabu siku ya Jumamosi. Watu hukanyagana wakitafuta vya kukanyagia. Wauzaji walikuwa wamemwaga marundo juu ya maturubai, wanunuzi wameinama migongo juu, huyu ana cha kulia, yule anakililia cha kushoto, na spika moja mbovu inapiga kelele za bei mpaka meno yanauma.

Katika zogo hilo alikuwamo mwanamume wa miaka thelathini na minane, shati jeupe lililopigwa pasi likapigika, amekuja kumtafutia mama yake mdogo viatu vya miguu iliyovimba. Kazi yake ilikuwa kuwawekea watu vifaa vya kusikia kwenye kliniki ya masikio. Kwa sababu ya kazi hiyo, au labda alizaliwa hivyo, sikio lake lilidaka vitu ambavyo wenzake hawakuvidhania. Ndivyo alivyosikia, chini ya kelele zote zile, ko... ko... ko. Mtu anagonga kiatu kwenye saruji, anatulia, anagonga tena.

Akageuka. Mwanamke wa koti la manjano, nywele kazifunga juu kwa kitambaa cheusi, amechuchumaa kiatu kikiwa sikioni, kama mtu anayepokea simu.

"Dada, wanasemaje huko upande wa pili?" akamuuliza.

"Wanasema hicho ulichoshika ni mume wa hiki changu," akajibu bila kuinua macho. "Kirudishe, kaka. Usivunje ndoa za watu."

Kweli, mwanamume alikuwa ameokota kiatu cha kushoto bila kujua: ngozi ya kahawia, kamba pana juu ya kifundo, imefungwa kwa kifungo cha mti kikubwa kama kisoda.

"Sikitoi mpaka nijue unavisikiliza nini."

"Mimi nauza viatu. Anayenunua nazi huigonga, sembuse mimi?"

"Nazi huwa na maji ndani."

"Na kiatu kina mwenyewe ndani. Hata akishakivua anabaki humo." Hapo ndipo alipoinua macho, makubwa, yenye utani. "Na wewe unauza nini, bwana mchokozi?"

"Masikio."

"Ya watu au ya mbuzi?"

Walicheka wote wawili, na muuzaji akawaambia kama hawanunui wampishe. Mwanamke akalipia jozi yake. Viatu vya mama mdogo vilisahauliwa siku hiyo, na mama mdogo alikuja kulisema jambo hilo kwa miezi.

Waliondoka pamoja kwenda kutafuta chai, na njiani mwanamume akasikia kitu kingine. Mguu wa kulia wa mwanamke ulipiga *to*. Wa kushoto ulipiga *to-ko*, kisigino kikitangulia na kidole gumba kikichelewa, kama mtu anayesema neno kisha akalithibitisha.

"Umeumia?"

"Baiskeli, nikiwa na miaka minane. Usinihurumie, nikiamua kukukimbia hunipati."

"Sikuhurumii. Nakukariri."

Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Miezi mitatu simu zao zilikuwa moto. Yeye akawa Bwana Masikio, mwenzake akawa Bibi Viatu.

"Bwana Masikio, umekula?"

"Nimekula sauti yako."

"Basi utakufa njaa, maana nakata."

Kila mmoja lakini alikuwa na chumba chake alichokifunga. Mwanamke alisema anauza viatu, ila hakuwahi kumwonyesha duka. Mwanamume alisema akitoka kliniki anakwenda kulala, na huo ulikuwa uongo.

Ukweli ni kwamba jioni alikuwa mtu mwingine. Mtandaoni, kwenye ukurasa mkubwa wa wapenzi wa magemu, alijulikana kwa jina moja tu: Ungo. Kila gemu kubwa linapokaribia kutoka, vipande vya video huvuja. Vingine ni vya kweli, vimeibwa kwa watengenezaji. Vingine vimeundwa na mashabiki wenye mikono myepesi na muda mwingi, wanaotafuta sifa. Watu hugombana, hutukanana mpaka wazazi. Halafu Ungo hupepeta, pumba kando na mchele kando, na neno lake likishatoka ugomvi umekwisha. Kwa miaka mitano hakukosea hata mara moja.

Alikuwa na desturi yake. Kabla ya kutazama kipande chochote hufunika skrini kwa kitambaa cheusi, akasikiliza kwanza. "Jicho hula hongo," aliwaambia wasomaji wake, "ukilipa rangi nzuri tu limekwisha nunuliwa. Sikio halina bei." Aliwapa hata masomo: leo sikilizeni mvua ya kweli, kesho ya kuigiza, mjue tofauti.

Sikio hilo alilirithi. Mama yake alikuwa mshonaji, na macho yalipomfifia uzeeni aliendelea kushona kwa kupapasa, ameketi kwenye cherehani yake ya miguu katika chumba cha juu, mlango wazi. Ngazi ilikuwa ya mbao, vidato kumi na vitatu, na cha tisa kiliguna kikikanyagwa. Kwa vidato hivyo alimjua kila anayepanda: jirani, mpima umeme, mdeni. Na kijana wake alipomleta msichana, bibi yule hakumngoja hata afike mlangoni. Alisikiliza hatua, akatikisa kichwa, akanong'ona ili asikie mwanawe peke yake: "Siye huyo." Wasichana watatu, miaka tofauti, neno lile lile. Mwanawe hakuwahi kumwambia mtu. Lilikuwa la kwao wawili. Halafu mama akafa, yeye akaufunga mlango wa chumba, cherehani ikabaki ndani na sindano yake.

Bibi Viatu hakuwahi kufika kwenye nyumba hiyo. Aliombwa, akakataa.

"Nyumba ya mwanamume haiendewi kwa kunong'ona," alisema. "Siku ukiniita mbele ya mtu wako mzima, nitakuja. Na viatu vile vilivyotukutanisha nimeviweka, sijavivaa. Nitavivaa siku hiyo."

"Vitaota ukungu."

"Basi niite mapema."

Alikuwa amepania kumwita. Alikwisha hata kumdokeza mama mdogo, aliyekaa ng'ambo ya barabara. Ndipo kipande kikavuja.

Ilikuwa Jumatano, siku ambayo kliniki hufungwa mchana. Saa nane, jua kali bado, barabara nyeupe kwa mwanga. Simu ikalia, ni Mhariri wa ukurasa, mtu asiyejua kusalimia.

"Ungo, kimevuja. Lile gemu la *Nyumba Isiyo na Mwenyewe*, linalongojwa miaka minne. Sekunde arobaini na moja. Mtandao unawaka. Nusu wanaapa ni cha kweli, nusu wanasema shabiki kaunda. Nataka neno lako saa kumi na moja jioni. Watu laki mbili wanasubiri."

"Nitasikiliza."

"Sikiliza upesi."

Akafunika skrini. Akavaa hedfoni. Akabonyeza.

Kwanza kimya, lakini kimya cha kweli, chenye vumbi ndani yake. Kisha, kwa chini, mtu akaanza kupanda ngazi ya mbao.

*To. To-ko. To. To-ko.*

Alihesabu bila kutaka. Kwenye kidato cha tisa ubao uliguna, mguno ule anaoujua tangu anatambaa, na hatua zikasimama. Kitu kidogo kigumu kikaanguka, kikadunda kidato baada ya kidato kwenda chini, mara nne, kikatulia. Pumzi ya kike ikatoka. Hatua zikaendelea. Mlango ukafunguka kwa mlio wa mtu anayeuliza swali, na hakuna mlango mwingine duniani unaouliza vile. Halafu, kutoka chumbani, cherehani ikazunguka. *Taka-taka-taka.* Mara tatu. Ikakoma. Kipande kikaisha.

Alivua hedfoni. Nyumba ilikuwa kimya, jua limejaa sebuleni, nzi mmoja anagonga kioo. Akasimama chini ya ngazi yake mwenyewe, akaitazama kama mtu anayemtazama mbwa wa jirani. Akapanda kwa kunyata, akikiruka kidato cha tisa. Mlango wa mama ulikuwa umefungwa kwa ufunguo, na ufunguo anao yeye shingoni. Juu ya kitasa palikuwa na vumbi, tabaka zima, halina hata alama ya kidole.

Hilo lingetosha kumwambia kitu. Lakini mtu aliyezoea kutokosea hashauriani na vumbi. Alichukua simu.

"Mpenzi, nikupigie baadaye?" Bibi Viatu aliongea kwa sauti ya chini. "Kazini kumechafuka."

"Uliingia lini nyumbani kwangu?"

"Nini?"

"Usiniambie nini. Nakuuliza siku. Nani alikupa ufunguo?"

"Wewe una homa? Kizingiti chako sijawahi kukikanyaga, na sababu unaijua."

"Nimekusikia unapanda ngazi yangu. Umefungua mlango wa mama yangu. Umechezea cherehani yake! Naijua miguu yako kuliko uso wako."

Sauti ya mwanamke haikuwa tena ile ya utani.

"Umenisikia wapi?"

"Kwenye kipande cha gemu."

"Kile kimetoka leo asubuhi. Wewe si uliniambia hata kushika kifaa cha gemu hujui?"

"Mimi ndiye Ungo."

Mwanamke akacheka, kicheko kikavu kama karatasi. "Haya. Wewe ndiye Ungo, na mimi ndiye ninayetembea."

"Unasema nini?"

"Siuzi viatu, Bwana Masikio. Navitembelea. Kila anapotembea mtu ndani ya gemu lile, ni mimi ninayetembea studio mbele ya maikrofoni. Nimetia saini karatasi kwamba sitamwambia hata mama yangu. Asubuhi hii mkuu wangu ameniita. Wenzangu wote wameutambua mwendo. Nimewaapia kwamba vishindo vile sijavirekodi mimi, hawanisikii. Wanasema nimeuza. Na unajua wamesemaje? Wanasubiri neno la Ungo. Akisema ni cha kweli, nikusanye viatu vyangu niende."

"Kumbe ndiyo maana pale sokoni..."

"Ndiyo maana nini? Kwamba nilikutega? Wewe ndiye ulinifuata na kiatu mkononi! Mwanamume mzima anavizia watu wa studio sokoni, anawakariri miguu, kisha anakuja kuwauza kwa watu laki mbili!"

"Sikujua wewe ni nani!"

"Na mimi sijui wewe ni nani." Akavuta pumzi. "Nakuuliza mara moja tu. Sijaingia nyumbani kwako. Sijarekodi kitu. Unaniamini?"

Nzi aligonga kioo. Mwanamume alisema kile alichosema miaka mitano yote.

"Sikio langu halijawahi kunidanganya."

"Basi lioe," akasema, na simu ikakatika.

Saa tisa na nusu alikuwa amekwisha andika maneno matatu: NI CHA KWELI. Kidole kikawa juu ya kitufe cha kutuma, kikakaa, kikawa kizito. Akijua kweli na kuificha, si Ungo tena. Akiisema, mtu wake anatupwa nje na karatasi mkononi. Siku zote kupepeta kulikuwa ni kazi ya vidole. Leo mwenye kupepetwa alikuwa yeye.

Basi alifanya kitu ambacho alikuwa hajakifanya tangu mambo hayo yaanze. Alikiondoa kitambaa kwenye skrini, akatazama.

Ngazi ya kwenye picha ilikuwa na zulia jekundu.

Akasogea karibu. Zulia nene, na hatua zinalia mbao tupu. Kitasa cha mlango kimegeuka kabla mlio haujaanza. Taa iko kushoto na kivuli cha ngazi kinaangukia kushoto vile vile. Picha ilikuwa ya shabiki, tena shabiki mwenye haraka. Kijana yeyote wa ukurasani angeigundua. Ungo peke yake ndiye asingeigundua, kwa sababu alikuwa amejifunika macho kwa hiari yake.

Picha ya kuundwa. Sauti je? Akavaa hedfoni tena, safari hii asisikilize hatua, asikilize kilicho nyuma yake. Na nyuma yake, kila baada ya sekunde kumi na mbili, palikuwa na mlio mdogo sana. *Chik.* Kama mchwa anatafuna.

Alifungua droo. Akatoa rekoda yake ya zamani, ile yenye kifuniko cha betri kilicholegea, akaiwasha karibu na sikio. Akangoja. *Chik.*

Hapo ndipo alipokumbuka somo alilowapa wasomaji wake mapema mwaka huo, Somo la Ukimya. Aliwaambia waundaji wa uongo hawajui kimya. Wao huweka utupu, na kimya cha kweli si utupu. Akaiweka rekoda hii juu ya ngazi, akaifunga nyumba, akaenda kliniki. Saa nzima ya nyumba isiyo na mtu, akaituma mtandaoni kama ilivyo. Yeye mwenyewe hakuisikiliza. Nani hukaa saa nzima kusikiliza nyumba yake tupu?

Shabiki mmoja alikuwa amekaa.

Alilitafuta somo. Dakika ishirini na tano za kimya. Ya ishirini na sita: *to, to-ko.* Ngazi, kidato cha tisa, kitu kudunda mara nne, mlango, cherehani. Akaisimamisha hapo hapo. Halafu akatazama tarehe.

Aliitazama mara ya pili. Akachukua kalenda ya ukutani, akahesabu kwa kidole kama mtoto. Siku ya rekodi, mama yake alikuwa ana mwezi wa kumi na nne kaburini. Na ile Jumamosi ya soko, koti la manjano, wanasemaje huko upande wa pili, ilikuwa bado wiki tano mbele.

Alimpigia mama mdogo, maana hakuna mwingine mwenye ufunguo wa nje.

"Mama, uliwahi kupanda juu kwangu nilipokuwa kazini?"

"Mimi? Na ngazi zile? Na magoti haya? Mwanangu, hata chumbani kwangu natamani kubebwa. Na viatu vyenyewe hukuninunulia."

Akakata simu, akarudi kwenye skrini.

Saa kumi na moja kasoro dakika tano akafuta maneno yale matatu, akaandika mengine. Kipande hakikutoka studio. Picha ameiunda shabiki. Sauti ameichukua kwenye Somo langu la Ukimya, dakika ya ishirini na sita. Dakika hiyo nimeikata na kuiweka hapa ukurasani na tarehe yake, kila mtu akasikilize. Aliyevujisha ni mimi. Nilikaribia kumtia hatiani mtu asiye na kosa kwa sababu nililipenda mno sikio langu. Sikufaa kuhukumu hiki, na sitahukumu kingine. Akatuma.

Simu ya Mhariri haikuchelewa. "Umeniua! Somo lako mwenyewe? Watu wanacheka, wanasema ungo umetoboka! Na hatua za nani hizo kwenye nyumba tupu? Ndicho wanachouliza sasa."

"Waambie sijui."

"Ungo hawezi kusema sijui!"

"Basi mwambie Ungo amekufa."

Hakumpigia Bibi Viatu. Maji yaliyomwagika hayazoleki, na alijua ni nani aliyepindua ndoo. Alituma ujumbe mmoja mfupi: *Ulisema kweli. Nisamehe. Tarehe ya rekodi uitazame mwenyewe.*

Alhamisi nzima hakujibiwa. Ijumaa mchana simu ikalia akiwa anamsafishia mzee mmoja kifaa chake, karibu akidondoshe.

"Siku ile," alisema Bibi Viatu bila salamu, "nilikuwa kwa dada yangu, safari ya siku mbili kutoka hapa, namwogeshea kichanga chake. Nimetafuta hata tiketi. Ninayo."

"Nakuamini."

"Sasa hivi ndiyo unaniamini!"

"Sasa hivi. Nilichelewa. Kazini je?"

"Wamenirudisha. Mkuu ameomba radhi kwa uchungu, kama anang'olewa jino. Anasema wenye kuchechemea ni wengi duniani." Akashusha sauti. "Lakini mimi nimesikiliza, Bwana Masikio. Mara nyingi. Ule ni mguu wangu. Hata pumzi ni yangu. Mtu anajijua. Silali vizuri."

"Hata mimi."

"Kile kinachodunda ni nini?"

"Sikijui. Nilidhani punje ya shanga."

"Mimi nilidhani jino." Akacheka kidogo, woga ndani yake. "Mama yako mdogo yupo Jumapili?"

"Yupo. Kwa nini?"

"Kwa sababu nikiogopa kitu huwa nakiendea. Niite."

"Bibi Viatu, nakuita. Mbele ya mtu wangu mzima."

"Saa nne asubuhi. Na usinisubiri mlangoni. Nisubiri juu, nataka kupanda mwenyewe. Sitaigiza, nitatembea ninavyotembea."

Jumapili ikafika na jua lake. Mama mdogo aliketi sebuleni, gauni la zambarau, miguu juu ya stuli ndani ya viatu vipya, maana safari hii vilinunuliwa. Mwanamume alipanda, akavua ufunguo shingoni, akafungua chumba cha mama yake kwa mara ya kwanza tangu msiba. Harufu ya mafuta ya cherehani na kitambaa kilicholala. Dirisha lilikuwa chafu, mwanga ukaingia wa rangi ya chai. Hapakuwa na kiti ila kile kimoja, cha mbele ya cherehani. Akakikalia. Akaurudisha mlango.

Chini akasikia sauti.

"Karibu, mkwe... karibu mgeni, nilitaka kusema. Yuko juu huko, kajificha kama kuku anayetaga."

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Viatu vizuri hivyo! Panda, mwanangu, mimi magoti hayataki."

Halafu kimya, kile chenye vumbi. Halafu ngazi.

*To. To-ko. To. To-ko.*

Alifumba macho. Moja, mbili, tano, nane. Cha tisa kiliguna. Hatua zikasimama. Alisikia kitu kikikatika, uzi mkavu wa miaka mingi, na kitu kidogo kigumu kikaanguka. Kikadunda. Mara moja, mbili, tatu, nne. Kikatulia.

Pumzi ya kike ikatoka.

Alijua kilikuwa nini. Kifungo cha mti cha kiatu cha kushoto, alichokishika mwenyewe sokoni, ambacho siku ya rekodi kilikuwa miguuni kwa mtu mwingine, au chini ya lundo, mahali asipopajua. Hatua zikaja. Mlango ukafunguka, ukauliza swali lake, na mwili wake ukashtuka mzima, mguu ukasukuma kilichokuwa chini yake.

*Taka-taka-taka.*

Akaunyanyua mguu kwenye pedali kama aliyekanyaga kaa la moto. Gurudumu likakoma.

Bibi Viatu alisimama mlangoni, gauni jeupe, kiatu kimoja kimefunguka kamba, uso umepauka. Walitazamana kwa muda mrefu. Wote wawili walikuwa wanahesabu, na wote wawili walijua sekunde ya arobaini na moja imepita.

"Halikuwa gemu lililovuja," alisema mwanamke polepole.

"Hapana. Iliyovuja ni leo."

"Rekodi ni ya saa nzima. Mbele yake kuna nini?"

"Sikuthubutu. Niliisimamisha pale pale. Saa nzima yote niliiondoa mtandaoni jioni ile ile, na shabiki aliyeichukua anaapa hakubakiza ila kipande. Imebaki hapa tu." Rekoda ilikuwa mezani, karibu na mkasi wa mama yake, hedfoni zimechomekwa. "Nikiifuta, imekwisha. Amua wewe. Miguu ni yako."

Alivuka chumba, to, to-ko, kamba ikiburuta. Akazichukua hedfoni, akazivaa, akabonyeza. Mwanamume alimtazama usoni kama watu wanavyotazama daktari anaposoma cheti. Hakuona woga. Aliona mtu anayesikiliza kwa adabu, kichwa kimeinama kidogo, namna unavyomsikiliza mkubwa akizungumza. Kisha machozi yakamjaa, asijue ni ya nini. Akavua. Akabonyeza tena, na taa nyekundu ya rekoda ikazima. Ameifuta.

"Umesikia nini?"

"Tupo kimya, kama hivi tulivyo. Halafu kuna mtu wa tatu." Aligeuka, akatazama kiti alichokalia mwanamume, kama vile kuna mtu nyuma yake wa kuombwa ruhusa. "Mwanamke mtu mzima. Karibu sana na rekoda, ananong'ona. Maneno mawili tu."

"Maneno gani?"

"Anasema, *Ndiye huyu.*"

Miaka mitano mwanamume yule hakupokea neno la mtu yeyote kabla hajalisikiliza kwa sikio lake mwenyewe. Rekoda ilikuwa imefutwa, hedfoni ziko mkononi mwa mwanamke, na hapakuwa na namna yoyote, hata siku moja, ya kuhakikisha. Hakuuliza swali la pili. Aliinuka, akapiga goti pale sakafuni, akashika ile kamba iliyofunguka na kuifunga fundo, kwa sababu kifungo kilikuwa chini.

"Nakuoa," alisema akiwa bado ameinama. "Kama utanikubali."

"Na sikio lako litasemaje?"

"Limestaafu."

Alimwekea mkono kichwani, ukatulia hapo. Kutoka sebuleni mama mdogo akapaza sauti.

"Nyinyi huko juu! Kuna kifungo kimenijia mpaka miguuni hapa. Na nani huyo anashona Jumapili?"

Walitoka, wakauacha mlango wazi, wakashuka wameshikana mikono. Kwenye kidato cha tisa wakakanyaga wote wawili kwa pamoja, na kwa mara ya kwanza tangu nyumba hiyo ijengwe, ubao ule haukuguna.